Mfumo wa kuzuia barafu ukigoma mkiwa ndani ya wingu, dakika za kwanza mnazitumiaje?

Mwalimu wa Simuleta (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa marubani kwenye simuleta, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ndege za pangaboi za injini mbili. Kuna zoezi moja ambalo nimelirudia na wanafunzi kwa miaka mingi, na kosa ni lilelile kila mara, tena kwa watu makini waliosoma vitabu vyao vizuri. Linanikosesha amani, ndiyo maana nimelileta hapa.

Zoezi lenyewe ni hili. Ndege iko futi 17,000 ndani ya wingu, nje ni nyuzi 9 chini ya sifuri. Ukingo wa mbele wa bawa umeanza kuwa mweupe. Mimi huku nyuma nabonyeza kitufe, na mbele yao inawaka taa ya njano: mfumo wa kuondoa barafu kwenye mabawa umefeli. Kapteni anazima swichi. Anasubiri. Anawasha, taa inarudi. Anazima tena. Msaidizi wake kafungua kitabu anatafuta ukurasa. Wanabishana kidogo kama ni valvu au ni kihisio. Mwendo ulikuwa noti (maili za baharini kwa saa) 205, sasa ni 196, sasa 188. Otopailoti imeagizwa ishike futi 17,000, basi inazishika: bawa likipungukiwa nguvu ya kuinua, yenyewe inanyanyua pua kidogo, kisha kidogo tena. Hakuna anayeliona hilo. Nikisimamisha zoezi na kuuliza mlikuwa mnafanya nini, najibiwa, "Tulikuwa tunatatua tatizo."

Hoja yangu, wakuu, ni kwamba mfumo ule ndio uliowapa ruhusa ya kuwa ndani ya wingu lile. Ukifeli, ruhusa imekwisha saa ileile. Kazi ya kwanza ni kutoka. Kuchunguza kama ni valvu au kihisio kunasubiri mpaka mfike kwenye hewa isiyo na barafu, na pale mtakuwa na muda wa kutosha.

Kwa wasio wa fani, nieleze kidogo. Wingu lenye baridi ya chini ya sifuri si lazima liwe limeganda. Matone madogo ya maji yanaweza kubaki maji hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na mengine machache karibu na nyuzi 40, kwa sababu hayajapata kitu cha kugandia. Ndege ikipita, bawa linakuwa ndicho hicho kitu. Tone linagonga ukingo wa mbele na kuganda papo hapo, au linatiririka nyuma kidogo ndipo ligande. Barafu hiyo hailemei ndege kwa uzito kama watu wanavyodhani. Madhara yake makubwa ni kuharibu umbo la bawa. Kwenye mafunzo tunafundishwa kwamba ukwaruzo kama wa msasa mkubwa, juu ya bawa zima, unaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Msasa tu.

Matokeo yake ni mawili na yanakuja pamoja. Ndege inapoteza mwendo bila nyinyi kupunguza nguvu za injini, na wakati huohuo mwendo ambao bawa litaacha kubeba ndege unapanda juu. Namba mbili zinasogeleana. Mbaya zaidi, onyo la stoli (bawa kuacha kubeba ndege) kwa kawaida limepimwa kwa bawa safi, kwa hiyo bawa chafu linaweza kuachia kabla usukani haujatikisika kuwaonya. Baadhi ya pangaboi zina swichi inayolifanya onyo hilo lije mapema ukiwa kwenye barafu. Hiyo isizimwe eti kwa sababu mfumo wa mabawa nao umezimwa. Barafu bado ipo pale.

Sasa niseme lile linaloniuma. Tarehe 9 Agosti 2024 ndege ya Voepass, safari 2283, aina ya ATR 72, ilianguka Vinhedo nchini Brazili, na watu wote 62 waliokuwamo walikufa. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Brazili haikutaja chanzo, ilipanga matukio tu. Ndege ilikuwa futi 17,000. Mfumo wa kuondoa barafu kwenye mabawa uliwashwa na kuzimwa zaidi ya mara moja, na kinasa sauti kilinasa marubani wakitaja hitilafu ya mfumo huo. Maonyo ya mwendo kushuka yalikuja kwa ngazi: kwanza kwamba mwendo wa safari ni mdogo, kisha kwamba ndege haifanyi kama inavyotakiwa, kisha ongeza mwendo. Waliomba kushuka, wakaambiwa wabaki pale kwa sababu ya ndege nyingine. Rubani msaidizi alisikika akisema kuna barafu nyingi. Hawakutangaza dharura. Muda mfupi baadaye ndege iliachia na kuanza kuzunguka kama jani hadi chini.

Siwahukumu marehemu, na mwenye kujua yote yaliyokuwa mle ndani ni Mungu. Lakini niliposoma ule mfuatano niliweka karatasi mezani nikakaa kimya, maana ni zoezi langu neno kwa neno.

Fundi Valvu

Mwalimu, uzi mzuri. Mimi niko upande wa matengenezo, niongeze kidogo kwa sababu "mfumo umefeli" ni maneno mapana mno.

Pangaboi nyingi zina mipira kwenye ukingo wa bawa na mkia. Inajazwa hewa, inavimba, inavunja barafu, inasinyaa. Hiyo ni kuondoa barafu ikishakaa. Jeti nyingi zinatumia hewa ya moto iliyochukuliwa kwenye kompresa ya injini na kupitishwa ndani ya ukingo wa bawa na mdomo wa injini, ili barafu isikae kabisa. Boeing 787 yenyewe hutumia umeme kwenye mabawa. Mapanga, vioo na mirija ya pitoti (ya kupimia mwendo) hupashwa kwa umeme karibu kila mahali.

Kwenye hewa ya moto, valvu inaweza kugoma ikiwa imefungwa au ikiwa wazi, na hizo ni hitilafu mbili tofauti kabisa. Ikigoma imefungwa, huna kinga, na maneno ya cheklisti karibu yote ni yaleyale: epuka maeneo ya barafu. Ikigoma wazi, kinga unayo, ila injini inanyonywa hewa muda wote, joto lake liko juu, na utaambiwa usizidishe nguvu kiwango fulani. Kwenye A320 waliamua tangu mwanzo kipi ni bora: umeme ukikatika, valvu ya mdomo wa injini inafunguka yenyewe, lakini ya mabawa inajifunga. Injini isimeze barafu, hilo ndilo walilolitanguliza.

Tena msione kinga iliyowaka muda wote ni salama. Agosti 2023 mamlaka ya anga ya Marekani iliwaagiza marubani wa Boeing 737 MAX wasiwashe kinga ya injini zaidi ya dakika 5 kwenye hewa kavu, kwa sababu mdomo wa injini unaweza kupata joto kupita kiasi na kupasuka.

Jambo la mwisho. Kabla hujaihukumu valvu, angalia nguvu za injini. Ukiwa unashuka umezirudisha chini kabisa, shinikizo la hewa linaweza kuwa dogo mno kiasi cha kuwasha taa. Ongeza kidogo uone.

Mwalimu wa Simuleta

Fundi, ahsante. Hilo la kuongeza nguvu nalipenda kwa sababu halina hasara: hata kama si dawa ya taa, umelinda mwendo.

Kuhusu kuzima na kuwasha: kama cheklisti ya ndege yako inasema ujaribu mara moja, jaribu mara moja huku ndege ikiwa tayari imeanza kuelekea nje ya barafu. Mara ya pili na ya tatu hakuna kitabu kilichokutuma.

Rubani Kijana

Shikamoo Mwalimu. Mimi nina saa chache, niko kwenye ndege ndogo ya mipira. Mkubwa wangu mmoja aliniambia nisiwashe mipira mapema, nisubiri barafu ifike unene wa kidole nusu, la sivyo barafu itajenga daraja juu ya mpira na mpira utakuwa unavimba bure chini yake. Ni kweli?

Mwalimu wa Simuleta

Marahaba kijana. Umeuliza swali la maana kuliko unavyodhani.

Mafundisho hayo yalikuwapo vitabuni kwa miongo, na hayakutungwa na wajinga. Yalitokana na mipira ya zamani iliyovimba polepole. Mipira ya leo inavimba haraka na kusinyaa haraka. Tarehe 9 Januari 1997 ndege ya Comair, safari 3272, aina ya EMB 120, ilianguka karibu na Monroe, Michigan, watu 29 wakafa. Ilikuwa na barafu nyembamba yenye ukwaruzo, mwendo ukiwa mdogo, na wachunguzi waliona inaelekea mipira haikuwa imewashwa. Mwaka 2008 bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani ikatoa tahadhari kwa marubani: washa mipira mara tu unapoingia kwenye barafu. Mabaki yatakayobaki mzunguko wa kwanza yatatoka mizunguko inayofuata.

Kwa hiyo fuata kitabu cha ndege yako, si hadithi ya mkubwa, hata kama mkubwa huyo unamheshimu. Mheshimu, lakini washa.

Abiria wa Dirishani

Naomba kuuliza wataalamu. Ile ya Air France ya mwaka 2009 si ilikuwa barafu pia? Mbona ile ilikuwa ndege kubwa na mfumo wake ulikuwa mzima?

Mwalimu wa Simuleta

Ni barafu, ila ya mlango mwingine. Safari 447, A330, tarehe 1 Juni 2009, watu 228. Ndege ilikuwa futi 35,000. Pale juu mabawa hayakuwa na shida. Chembe za barafu ziliziba mirija ya pitoti inayopima mwendo, huku vipashajoto vyake vikifanya kazi. Chembe zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa kile kipashajoto. Usomaji wa mwendo ukaharibika kwa chini ya dakika moja, otopailoti ikajitoa, ndege ikanyanyuliwa pua, ikapanda, ikaingia stoli, na tangu otopailoti ijitoe mpaka baharini ni dakika nne na ushee.

Nyingine ya zamani inafundisha zaidi. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya Northwest, safari 6231, wafanyakazi watatu peke yao ndani. Vipashajoto vya pitoti havikuwa vimewashwa. Mrija ukiziba mbele na kwenye tundu lake la kutolea maji, hewa iliyonaswa ndani inabaki ileile huku ya nje ikipungua kadiri mnavyopanda, hivyo kipima mwendo kinapanda kama kipima urefu. Waliona mwendo unazidi, wakanyanyua pua kuupunguza. Ulizidi kupanda, wakanyanyua zaidi. Kumbe ndege ilikuwa inakaribia kusimama hewani.

Taa ya kipashajoto cha pitoti ikiwaka, basi, usingoje namba zianze kudanganya. Toka kwenye unyevu, linganisha vipimo vya pande zote mbili, na uwe na picha kichwani ya mnyanyuko wa pua na nguvu za injini. Kwenye A320 yanakaririwa: otopailoti, kiongozi cha njia (alama za kwenye kioo zinazoonyesha pua ielekezwe wapi) na nguvu za kiotomatiki vyote vizimwe, halafu juu ya futi 10,000 pua nyuzi 5 na nguvu za kupanda. Kwenye 737 za kizazi kilichotangulia MAX, flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoongeza nguvu ya kuinua) zikiwa ndani, ni nyuzi 4 na asilimia 75 ya mzunguko wa feni. Namba hizo hazikupeleki popote. Zinakuweka hai unapofungua kitabu.

Kapteni Mstaafu

Mwalimu, nakuunga mkono, ila neno lako "toka" linanitia wasiwasi kidogo. Toka uende wapi? Nimewahi kukaa na kijana aliyetaka kushuka mara moja, na chini yetu kulikuwa na milima. Hakuwa ameangalia urefu salama wa eneo lile.

Mwalimu wa Simuleta

Kapteni, shikamoo, na umenirekebisha vizuri. Uamuzi huu unatakiwa uwe umefanywa kabla ya kuingia kwenye wingu. Kila ninapokaribia barafu nataka wanafunzi wangu wajibu kwa sauti: hewa ya joto iko wapi, ardhi iko futi ngapi, juu ya wingu ni futi ngapi, nyuma tulikotoka kukoje.

Mara nyingi tabaka lenye barafu si nene, futi 2,000 au 3,000 juu au chini zinabadilisha kila kitu. Kushuka ni rahisi kama chini kuna joto la juu ya sifuri na nafasi ya kutosha juu ya ardhi, maana unapata mwendo bila kuomba injini kitu. Kupanda kunafaa mapema tu, bawa likiwa bado na afya. Ukisubiri mpaka ndege inahangaika, kupanda ni kuitafuta stoli. Kugeuka kurudi ulikotoka ndilo chaguo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo pekee ambalo tayari una uhakika nalo, kwa sababu ulipita pale dakika chache zilizopita. Lakini kona iwe pana, bawa lisilazwe sana. Mvua ya kuganda yenyewe ina maana moja nzuri: juu yako kuna hewa ya joto iliyoyeyusha theluji ikawa mvua. Ni ya kukumbuka pale kushuka kunapokuwa hakuwezekani.

Na waongozaji wa ndege waambiwe kwa lugha isiyoacha nafasi. Ukisema "tunaomba kushuka" umeingia kwenye foleni pamoja na kila anayeomba kushuka. Ukisema PAN PAN (wito wa haraka) mara tatu, kinga ya barafu imefeli, tunahitaji kushuka sasa, mtu wa upande wa pili anaanza kuhamisha wengine. Hana taa yako mbele yake, anajua ulichomwambia tu. Na kama mwendo unaendelea kuanguka, usimwombe. Tangaza MAYDAY (wito wa dharura), shuka, mwambie unashuka. Amri ya mwisho ya ndege iko kwa kapteni.

Rubani Kijana

Na otopailoti je? Si inapunguza kazi ili tushughulike na hitilafu?

Mwalimu wa Simuleta

Inapunguza kazi, na inaficha habari. Tarehe 31 Oktoba 1994, ATR 72 ya American Eagle, safari 4184, ilikuwa inazunguka ikisubiri futi 10,000 karibu na Roselawn, Indiana, flapu zikiwa nyuzi 15. Mipira ilikuwa inafanya kazi. Lakini matone yalikuwa makubwa kuliko yale ambayo ndege ilithibitishwa kwayo, yakatiririka na kuganda nyuma ya mipira, mbele ya vibao vya bawa vinavyoilaza ndege upande. Waliporuhusiwa kushuka mwendo ulizidi kiwango cha flapu, wakazirudisha, pembe ya bawa ikaongezeka, na kibao kikavutwa chenyewe na hewa. Otopailoti ikajitoa, ndege ikapinduka. Watu 68.

Kutokana na ile ajali, kwenye barafu kali pangaboi hizi zinatakiwa zirushwe kwa mkono, na unashika usukani kwa nguvu kabla hujaitoa otopailoti, maana hujui imekuwa ikishikilia mzigo gani. Flapu zilizo ndani zibaki ndani mkiwa mnazunguka. Zilizo nje zisirudishwe mpaka bawa liwe safi. Mwendo wa chini unaongezwa noti 10 kwenye ATR, nguvu zinapelekwa juu. Ilichukua mpaka mwaka 2014 kutolewa kwa kanuni mpya za Marekani za kuthibitisha ndege kwa matone yale makubwa, na hazikurudi nyuma kuzigusa ndege zote zilizokwisha kuwapo.

Kutua nako kusichukuliwe kirahisi. Kama barafu bado ipo, ongeza mwendo kama kitabu kinavyosema, chagua njia ndefu ya kutua kwa sababu utafika na kasi, usitoe nguvu zote mapema ukiwa bado juu. Flapu zitoke hatua kwa hatua na mkono uwe kwenye usukani. Ukihisi umelegea au unajivuta mbele mara tu flapu zinapotoka, mkia ndio unaoshindwa kwa barafu, na kwenye ndege nyingi zenye udhaifu huo dawa ni kuzirudisha ulikozitoa. Ni kinyume cha stoli ya bawa, kwa hiyo jueni ndege yenu iko kundi gani mkiwa bado chini.

Rubani Kijana

Swali la mwisho Mwalimu. Tumetoka kwenye wingu, barafu imedondoka, taa imezimika yenyewe. Mbele kuna wingu jingine na kituo chetu kiko upande wa pili. Tunaweza kuendelea?

Mwalimu wa Simuleta

Hapana. Mfumo uliofeli ukiwa na kazi na ukapona ukiwa hauna kazi haujapona. Utakuangusha palepale ulipokuangusha mwanzo, yaani ndani ya wingu. Hata chini, ndege yenye kasoro hiyo hairuhusiwi kuondoka kuelekea kwenye barafu inayojulikana au iliyotabiriwa. Haiwezi kuwa halali angani kwa sababu tu mmekwisha kuruka. Zunguka wingu, au tua mahali pengine.

Fundi Valvu

Mkishatua, iandikeni kwenye kitabu cha ndege hata kama taa ilizimika. Andikeni urefu, joto la nje, nguvu za injini zilikuwa ngapi, taa ipi ilitangulia, mlibonyeza nini na mara ngapi. Mimi nitaipokea ikiwa imesimama kwenye jua, nitawasha, valvu itafunguka vizuri kabisa. Bila hayo maandishi sina sababu ya kuifungua.